ZAMANI NA SASA: SOMO LA KIINGEREZA KWA MAKATIBU WA VIKUNDI

Leo tunataka kuketi na katibu wa kikundi na kalamu yake. Lakini mwenyekiti, mweka hazina na wanachama wote wasiondoke, maana jambo lenyewe linawahusu. Barua au ripoti ikitoka, si katibu peke yake anayesema. Kikundi kizima ndicho kinachosema.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kikundi kinachoandika Kiswahili kisione haya hata kidogo. Hata hivyo tunajua hali ilivyo: fomu nyingi za wafadhili na za ofisi huja kwa Kiingereza, na mara nyingi katibu hujibu kwa lugha ile ile aliyoulizwa. Sasa akijibu, ajibu sawasawa.

Karibu kila ripoti ya maendeleo huuliza mambo mawili: zamani mlikuwaje, na sasa mko vipi? Kwa Kiingereza, lango la kuingilia huko zamani ni maneno mawili madogo, "used to". Ni madogo, lakini yakiwekwa vibaya yanaweza kumwambia mfadhili kwamba shida yenu imekwisha kumbe bado mnayo. Hebu tuyatazame polepole.

SENTENSI TATU ZINAZOFANANA

Soma hizi tatu, kisha uzisome tena:

A. "We used to carry water from the river."
B. "We are used to carrying water from the river."
C. "Donkeys are used to carry water from the river."

Zote tatu zina "used to", zote zina maji, zote zina mto. Lakini maana ni tatu tofauti.

Sentensi A inasema: zamani tulikuwa tukibeba maji kutoka mtoni, na sasa hatubebi tena. Angalia vizuri hapo. Sentensi moja imebeba habari mbili: kwamba jambo lilikuwako, na kwamba limekoma.

Sentensi B inasema: tumezoea kubeba maji kutoka mtoni. Bado tunabeba, na si jambo geni kwetu.

Sentensi C inasema: punda hutumiwa kubeba maji kutoka mtoni.

Sasa tuseme kikundi cha kina mama kinaomba msaada wa bomba, na kila siku wanateremka mtoni. Katibu akiandika sentensi A, msomaji atajiuliza, "Kama waliacha kwenda mtoni, bomba wanalitakia nini?" Akiandika B, msomaji aweza kusema, "Hawa wamezoea, hawana haraka." Kina mama hawa walitaka kusema hivi: "We still carry water from the river every day." Neno "still" maana yake ni "bado". Hapo hakuna wa kuwaelewa vibaya.

MITEGO MITATU INAYOTOKANA NA KISWAHILI CHETU

Watu wengi wanaokosea hapa si wavivu wa kusoma. Wanakosea kwa sababu wanafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kina njia zake.

Mtego wa kwanza ni neno "kuzoea". Sisi husema, "Tulizoea kwenda sokoni kwa miguu," na maana yake yaweza kuwa tulikuwa tukienda mara kwa mara, au kwamba miguu yetu ilikwisha kuzoea mwendo ule. Kiingereza hutenganisha hizo mbili. "We used to walk to the market" ni habari ya desturi iliyokwisha. "We were used to walking to the market" ni habari ya kuzoea, kwamba safari ile haikutusumbua.

Mtego wa pili ni "hu-". Tunasema, "Sisi hukutana kila Jumanne," basi mtu anaandika, "We use to meet every Tuesday." Hilo si sahihi. "Used to" haina umbo la wakati uliopo. Hapo kale kitenzi "use" kilikuwa na maana ya kuwa na desturi hata kwa mambo ya sasa, lakini matumizi hayo yalikufa, likabaki la wakati uliopita tu. Kwa desturi ya sasa andika kwa kifupi: "We meet every Tuesday." Ukitaka kusema kwamba kwa kawaida ni Jumanne, ingawa mara nyingine siku hubadilika, andika: "We usually meet on Tuesdays."

Mtego wa tatu ni "tulikuwa tukibeba". Mtu hutafsiri neno kwa neno, "We were carrying water." Sentensi hiyo ni nzuri, lakini husema jambo lililokuwa likiendelea wakati fulani. Kwa mfano: "We were carrying water when the rain started," yaani tulikuwa njiani na maji kichwani, mvua ikaanza. Siku moja tu. Kama unasema habari ya miaka, tumia "used to".

JINSI YA KUIUNDA

Kanuni ni rahisi. Weka "used to", halafu kitenzi kitupu bila "-ing" wala "-ed". Haibadiliki kwa mtu yeyote: "I used to go", "she used to go", "they used to go". Tazama mifano kutoka nchi yetu wenyewe:

"Kenya used to have eight provinces." Chini ya katiba ya zamani tulikuwa na mikoa minane. Serikali za kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Hii ni hali iliyokuwako, si tendo.

"Shops used to give us plastic bags." Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Hili ni tendo lililorudiwa rudiwa, nalo likakomeshwa.

"People used to send money home with bus drivers." Wengi wetu tunakumbuka jinsi tulivyomkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba ifike. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na desturi hiyo ikapungua sana. Kama kwenu bado wako wanaotuma hivyo, usiandike "used to" peke yake. Andika: "Some people still send money with bus drivers."

"Parents used to pay fees in public primary schools." Serikali ilifuta karo hiyo Januari 2003. Lakini sare tunanunua mpaka leo, kwa hiyo mzazi asiandike "We used to buy uniforms" huku mtoto wake wa darasa la nne amevaa sare mpya.

Ukitaka kukanusha, tumia "did not" na uondoe ile "d" ya mwisho: "We did not use to keep records." Yaani zamani hatukuwa tukiweka kumbukumbu. Kwa swali ni vivyo hivyo: "Did you use to sell milk together?" Sababu ni kwamba "did" imekwisha kubeba wakati uliopita, basi "d" nyingine haihitajiki. Utawaona watu wakiandika "didn't used to", hata wasomi. Lakini kwa ripoti ya kikundi, iliyo salama ni "use". Waweza pia kusema, "We never used to keep records."

TAZAMA KUSHOTO, TAZAMA KULIA

Kwa kutamka, A na B husikika kwa "s", kama "yuus-tu". C husikika kwa "z", kama "yuuzd-tu", kwa sababu hapo neno ni lile la kutumia. Lakini kwenye karatasi hakuna sauti. Basi fanya kama mtu anayevuka barabara: tazama pande zote mbili za "used to".

Kushoto hakuna "am, is, are, was" wala "were", na kulia kuna kitenzi kitupu? Hiyo ni habari ya zamani: "We used to borrow money from shopkeepers."

Kushoto kuna "are" au "were", au "get", na kulia kuna kitenzi chenye "-ing" au jina la kitu? Hiyo ni habari ya kuzoea: "We are used to borrowing." "They are getting used to the new rules."

Kushoto kuna "is" au "was", na kulia kuna kitenzi kitupu? Hiyo ni habari ya kutumiwa: "The store is used to keep maize."

Mweka hazina, hapa ndipo penye kazi yako. Ukitaka kusema pesa zilitumiwa kununua mabati, andika: "The money was used to buy iron sheets." Ukisahau hiyo "was", unabaki na "The money used to buy iron sheets." Maneno hayo yanaonekana kama mwanzo wa sentensi ambayo haikumalizika, au kana kwamba pesa zenyewe zilikuwa na tabia ya kwenda dukani. Mkaguzi akisoma atasimama, aanze kuuliza: mabati yalinunuliwa au hayakununuliwa? Neno moja limetia shaka juu ya pesa ambazo zilitumika kwa haki.

"WOULD" NAYO VIPI?

Kuna neno jingine la kusimulia desturi za zamani, nalo ni "would". Wazee wakisimulia, tunaandika: "Every Saturday my grandmother would walk to the market. She would carry bananas and would come back with salt." Yaani kila Jumamosi nyanya alikuwa akienda sokoni, akibeba ndizi na kurudi na chumvi.

Lakini "would" ina masharti mawili. Kwanza, msomaji awe ameshajua kwamba tunaongea habari za zamani. Ndiyo maana huanza na "Every Saturday" au "In those days", au "used to" hutangulia ikafungua mlango, halafu "would" ikafuata. Pili, "would" ni ya matendo, si ya hali. Waweza kusema "She would walk", kwa kuwa kutembea ni tendo. Lakini huwezi kusema "We would have a dispensary" ukimaanisha kwamba zamani tulikuwa na zahanati. Msomaji ataelewa kwamba tungekuwa nayo, kama jambo fulani lingetokea. Kwa hali, kama kuwa na kitu, kuishi mahali, kujua au kupenda, tumia "used to": "We used to have a dispensary."

USITUMIE "USED TO" KWA MAMBO YA KUHESABU

Jambo likitokea mara moja tu, au mara unazoweza kuzihesabu, au kwa muda uliotajwa, tumia wakati uliopita wa kawaida.

"We visited the county office four times." Si "used to visit four times".
"I lived in Kitale for five years." Si "used to live for five years".
"The bridge fell in 2018." Lilianguka siku moja tu.

Basi ukiona tarakimu ya mara ngapi au miaka mingapi, weka "used to" kando.

MANENO YANAYOWEZA KUMVUNJIA MTU HESHIMA

Tuseme mweka hazina wenu anahamia mji mwingine, na kikundi kinataka kumwandikia barua nzuri ya kumsifu. Katibu anaandika: "Our treasurer used to be very honest." Nia yake ni njema. Lakini msomaji wa Kiingereza anasikia kwamba mama huyu alikuwa mwaminifu, na siku hizi si mwaminifu tena! Kumbuka tuliyosema: "used to" inabeba habari mbili. Hapa habari ya pili inamchafulia mtu jina, na barua ile ataibeba hadi kwa mwajiri mpya.

Andika hivi: "She has always been honest." Yaani siku zote amekuwa mwaminifu, tangu hapo hadi leo. Kabla ya kutumia "used to" juu ya mtu au mradi, jiulize swali moja tu: je, imekoma kweli?

RIPOTI FUPI YA MFANO

Tuwaze kikundi cha kina mama kilichojenga tangi la maji. Ripoti yao yaweza kusema hivi:

"Before 2019 we used to fetch water from the river. The journey used to take three hours. In the dry season we would leave home before sunrise. In 2019 we built a tank. The money was used to buy cement and iron sheets. Now we no longer go to the river, except in February, when the tank dries up. We did not use to keep records. We are not yet used to writing everything down, but we are learning."

Angalia kazi ya kila sentensi. Mbili za kwanza zinaonyesha desturi na hali iliyokoma. Ya tatu inatumia "would" kwa sababu mlango wa zamani umekwisha kufunguliwa. "We built a tank" ni jambo la mara moja. "Was used to buy" inaeleza pesa zilikokwenda. "No longer" maana yake ni "si tena", na inafunga habari ya zamani kwa wazi. Kisha yanakuja maneno "except in February". Hapo kikundi kinasema ukweli kwamba shida haijaisha yote. Mfadhili mwenye akili hataudhika kwa maneno hayo. Ataona watu wanaojua hali yao vizuri, na pengine atauliza mnahitaji tangi la pili la ukubwa gani.

ZOEZI

Rekebisha sentensi hizi sita. Fanyeni wawili wawili, halafu mlinganishe.

1. "We use to save money every week." (Bado mnaweka akiba.)
2. "We didn't used to have a bank account."
3. "The loan used to buy seeds." (Mkopo ulitumiwa kununua mbegu.)
4. "Our members are used to work together." (Wamezoea kufanya kazi pamoja.)
5. "We used to go to the hospital three times last year."
6. "Long ago there would be a big mango tree near the market." (Mwembe mkubwa ulikuwako, sasa haupo.)

MAJIBU

1. "We save money every week." Desturi ya sasa haina "use to".
2. "We didn't use to have a bank account."
3. "The loan was used to buy seeds."
4. "Our members are used to working together." Bila "-ing", msomaji atadhani wanachama wanatumiwa na mtu!
5. "We went to the hospital three times last year." Zinahesabika.
6. "Long ago there used to be a big mango tree near the market." Kuwako ni hali, si tendo.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano wenu ujao, chukueni karatasi kubwa au hata mchore chini kwa kijiti. Gawanyeni sehemu tatu: ZAMANI, SASA, na BADO. Waacheni wazee waanze, maana wao ndio wanaokumbuka. Maji yalitoka wapi? Kuni je? Mgonjwa alipelekwaje hospitalini? Nani alikuwa akikopesha pesa, na kwa masharti gani? Semeni kwa lugha yoyote mnayoielewa wote. Kisha jadilianeni:

1. Ni mambo gani yamekoma kabisa? Hayo katibu atayaandika kwa "used to".
2. Ni mambo gani tunasema yamekoma, lakini kuna nyumba bado zinayaishi? Hayo yaende BADO, na yaandikwe kwa "still".
3. Ni shida gani tumezizoea mpaka hatuzitaji tena kwenye ripoti? Je, kuzoea shida ni sawa na kuimaliza?

Sehemu ile ya BADO isiachwe tupu kwa kutaka kumfurahisha mgeni. Mara nyingi mama aliye mbali na bomba, au mzee asiye na simu, ndiye asiyesema mkutanoni. Katibu akiandika "we used to" kwa niaba ya wote, na huyo mmoja bado anateremka mtoni na jerikeni lake kila asubuhi, basi ripoti imemfuta. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, someni rasimu kwa sauti mbele ya wanachama wote, katibu akiifafanua kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Atakayesikia jambo ambalo kwake halijakoma, ainue mkono.

Kazi njema, na tuandikieni mkishindwa mahali.